Kisima cha Wakfu

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kompyuta yangu hapa Makangale ina Linux na Windows. Nikiiwasha, huniuliza niingie wapi. Windows nimeibakiza kwa ajili ya programu moja ya takwimu za tasnifu. Je, ni unafiki?

Linux naiona kama kisima cha wakfu: leseni yake, GPL, inamruhusu yeyote kuteka, kurekebisha na kugawa, mradi asiwafungie wenziwe. Uwazi kama huo ndio uliowezesha mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Anayenunua maji dukani hajakikana kisima. Unafiki ni kuteka kila siku bila kukitunza. Ndiyo maana usiku natafsiri menyu za programu huria, mtoto wa Makangale azisome kwa lugha yake.