Miisho Miwili ya Hadithi Moja

Filamu ya Hong Kong iitwayo Infernal Affairs (2002) ina miisho miwili. Katika ule wa asili, Lau, mhalifu aliyepandikizwa ndani ya polisi, anabaki huru, na hata kumpigia saluti kaburini askari mwema aliyekufa. Katika mwisho uliotengenezwa kwa ajili ya China bara, anatoka kwenye lifti, anakuta wenzake wanamngoja, anakamatwa.

Je, kubadilisha mwisho ni kudanganya?

Wanaosema hapana wana hoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Hong Kong ilitoa filamu zaidi ya 200 kwa mwaka. Muongo mmoja baadaye hazikufika 100. Mafundi wa taa na waigizaji wa mapigano walihitaji kula. Mwaka 2003 mkataba wa kibiashara wa CEPA ulizitoa filamu za Hong Kong kwenye mgao wa filamu 20 za kigeni kwa mwaka huko China bara. Soko likafunguka, na wakaguzi wake wakaja nalo. Hata msimulizi wa hadithi, wanasema, hupima baraza lake.

Naikubali nusu ya hoja hiyo. Msimulizi hupima baraza, lakini anayepima ni yeye mwenyewe, na baraza lina haki ya kununa. Hapa anayepima ni mtu wa tatu, aliyeshika ufunguo wa mlango.

Tena, tazama kilichopotea. Jina la Kichina la filamu linagusa jehanamu ya Kibuddha ambamo mateso hayana mapumziko. Adhabu ya Lau ni kubaki hai, akiheshimiwa, huku akijijua. Pingu zinampa alichonyimwa: kikomo. Mwisho unaoonekana mkali ndio unaomhurumia.

Kwa hiyo kinachonisumbua si kuadhibiwa kwa mhalifu. Ni mtazamaji kunyang'anywa kazi ya kumhukumu, kana kwamba hawezi kutofautisha jema na baya bila askari kumwonyesha.

Sidai kwamba jirani mdogo asishirikiane na mkubwa. Nadai kipimo kimoja tu: ushirikiano ni wa haki pale kila upande unapoweza kusema hapana na bado ukapata riziki. Bila hapo, tunachokiita makubaliano ni njaa iliyotia saini.