Dola 350 na Senti 40

Mwaka jana niliibiwa simu tao. Kesho yake jamaa fulani akampigia dada yangu, akasema simu anayo, tukiitaka tumpelekee elfu tatu. Nikapeleka. Tulikutana karibu na stendi ya matatu, akahesabu noti polepole, akanipa simu, tukaachana kama watu waliouziana nyanya.

Rafiki yangu mmoja aliposikia kisa hicho alikasirika kuliko mimi. Ati nimemlipa mwizi mshahara. Nikamwambia sijamlipa mshahara, nimekomboa simu yangu. Tulibishana hadi chai ikapoa. Swali lenyewe halikuniacha, hasa baada ya kusoma jinsi serikali ya Marekani ilivyowalipa wenye watumwa ili wawaachilie. Simu ni simu, najua, na mtu si simu. Ila hilo ndilo lililonisumbua: kwenye karatasi za mwaka 1862 tofauti hiyo haionekani.

Tarehe 16 Aprili 1862, Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuwaacha huru watumwa wa jiji la Washington, miezi minane na nusu kabla ya lile tangazo lake maarufu la ukombozi. Bunge lilitenga dola milioni moja. Mwenye watumwa aliyeapa kuwa mtiifu kwa serikali angelipwa, kwa wastani usiozidi dola 300 kwa kila mtu. Zaidi ya watu 3,000 walipata uhuru.

Tume ya watu watatu ikaundwa kupokea maombi. Mwombaji aliandika jina la kila mtumwa wake, umri, rangi ya ngozi, afya, kazi anayoijua, kisha bei. Kwa kuwa makamishna hawakuzijua bei za soko, waliita mtaalamu: mfanyabiashara wa watumwa kutoka Baltimore. Yaani siku ya kuifuta biashara, mchuuzi ndiye aliyeitwa kupiga bei ya mwisho.

Mmoja wa waombaji alikuwa Clark Mills, mchongaji aliyekuwa na karakana ya kusubu shaba. Alimiliki mtu aitwaye Philip Reid. Ile sanamu ya mwanamke iliyo juu kabisa ya kuba la Bunge la Marekani, inayoitwa Uhuru, ilisubiwa katika karakana hiyo, na Reid alikuwa miongoni mwa walioifanyia kazi. Serikali ilimlipa dola 1.25 kwa siku, lakini kwa Jumapili tu, maana ujira wa siku nyingine ulikuwa wa Mills. Jumapili 33, dola 41.25. Alitia sahihi kwa alama ya X.

Mills alipopeleka ombi lake, alimsifu Reid kuwa ana akili na ni fundi mzuri. Bila shaka, si alikuwa anauza? Alidai dola 1,500. Akapewa dola 350 na senti 40. Nilipiga hesabu kwenye simu (ileile): kwa ujira wake wa Jumapili, Reid angehitaji Jumapili 281 ili kuzifikia, zaidi ya miaka mitano. Naye alipata nini? Uhuru, basi. Sheria hiyohiyo ilitenga dola 100,000 kwa ajili ya walioachiliwa, hadi dola 100 kwa kila mmoja, kwa sharti kwamba ahame Marekani, aende Haiti, Liberia au kwingineko. Ukitaka kukaa ulipozaliwa, huna chako.

Rafiki yangu angesema: unaona? Lakini ngoja kwanza. Mwezi mmoja kabla ya sheria hiyo, Lincoln aliandika hesabu yake. Tukiwalipa wenye watumwa wote wa Delaware, Maryland, Kentucky, Missouri na Washington dola 400 kwa kila mtumwa, gharama haitafika hata ile ya siku 87 za vita. Delaware peke yake, iliyokuwa na watumwa wasiofika 1,800, ingegharimu pesa za chini ya nusu siku. Delaware ikakataa. Watu wake wakabaki utumwani hadi Desemba 1865, miaka mitatu na nusu zaidi. Ukimuuliza mama aliyekuwa jikoni kwa tajiri wake huko Delaware kama ingekuwa dhambi kumlipa tajiri huyo ili yeye atoke leo, unadhani angejibu nini? Mimi sina uso wa kumwambia asubiri hadi maadili yangu yatulie.

Kwa hiyo sikubali kwamba kulipa kulikuwa kosa. Kosa naliona mahali pengine, na Kiswahili kinalificha, kwa sababu tunalo neno moja kwa mambo mawili. Fidia ni pesa anazopewa aliyepata hasara. Fidia hiyohiyo ni pesa unazotoa ili mateka aachiliwe. Niliyempa yule jamaa wa stendi ilikuwa ya pili. Sikumwambia pole kwa kupoteza simu. Serikali ya Marekani ilitoa pesa za kukomboa mateka, lakini kwenye vitabu vyake ikaandika kwamba imemfariji aliyepata hasara, na aliyepata hasara ni Mills.

Majimbo ya kaskazini yalikuwa yamefanya vibaya zaidi, tena kimyakimya. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 haikumtoa hazina hata senti. Ilisema watoto watakaozaliwa baada yake si watumwa, ila watamtumikia bwana wa mama yao hadi wafikishe miaka 28. New York ikafuata mwaka 1799: wavulana hadi 28, wasichana hadi 25. Huko fidia ililipwa kwa mikono ya mtoto, kabla hajazaliwa hana deni na mtu.

Halafu kuna Gabriel Coakley, ambaye ndiye aliyeniharibia hoja zangu zote nzuri. Alikuwa mtu mweusi huru wa Washington. Kwa miaka alikuwa amekusanya pesa akainunua familia yake, na kwa kuwa sheria ilimjua mnunuzi tu, kwenye karatasi mke na watoto wake wakawa mali yake. Mwaka 1862 alijipanga foleni na akina Mills, akaomba fidia kwa watu wanane. Akapewa dola 1,489.20.

Mtu anaweza kumlaumu kwa kujaza fomu ya mwenye watumwa. Mimi nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Kati ya wote waliochukua pesa siku zile, huyu alikuwa amepata hasara kweli. Alikuwa amelipa kikomboleo kwa jasho lake. Lakini haki yake ilibidi apitie mlango wa wamiliki ili aipate. Angeenda kama mume na baba, hakukuwa na dirisha la kumhudumia.

Maryland iliufuta utumwa kwa katiba yake ya 1864 bila kulipa. Mwaka 1867 ikaandika katiba nyingine inayosema kwamba serikali ya Marekani inadaiwa fidia, na ikaagiza majina ya waliokuwa watumwa yaorodheshwe, endapo pesa zingekuja. Hazikuja. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868, yalipiga marufuku jimbo lolote au serikali kuu kulipa madai ya aina hiyo. Walioachiliwa nao hawakulipwa.

Usidhani haya ni ya wazungu wa mbali. Uingereza, iliyowalipa wenye watumwa wake pauni milioni 20 katika miaka ya 1830, ilikuja na mtindo uleule huku kwetu. Pwani ya Kenya, sheria ya 1907 iliwalipa wamiliki. Kabla ya hapo, Zanzibar, amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 iliahidi fidia kwa kila mwenye mtumwa aliyemmiliki kihalali. Mtumwa yeye ilibidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana wake aliulizwa tu kama alimmiliki kihalali.