Mlango Usipofunguka, Kazi Bado Ipo



Wanangu, wengi wenu hunijia baada ya ibada na swali moja lenye sura nyingi. Huyu amemaliza chuo, ametuma barua za kazi mpaka amechoka. Yule alifunga na kuomba kwa ajili ya mchumba, mchumba akaolewa kwingine. Mwingine mama yake aliombewa na kanisa zima, na bado tukamzika. "Mzee, Mungu ananisikia kweli?" Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Anawasikia. Ila kusikiwa si sawa na kupewa ulichotaka, siku uliyoitaka. Mithali sura ya 3 inatuagiza tumtumaini Bwana na kumkiri katika njia zetu zote, hata pale akili zetu zinapodai kwamba zinajua zaidi. Agizo hilo wengi hulipotosha. Mmoja hukunja mikono akangoja muujiza. Mwenzake huzunguka kutoka mhubiri hadi mhubiri akitafuta wa kumwambia sababu ya kila jambo. Wote wawili hawajamtumaini Mungu bado.

Mfikirieni Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa shirika la CMS. Hakuja pwani yetu kwa ajili yetu. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Alijaribu kuwafikia kwa kupitia Ethiopia, njia ikafungwa. Mwaka 1844 akatua Mombasa, akitumaini kuwafikia kutokea kusini. Julai mwaka huo huo mkewe, Rosine, alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye homa ikamwua. Krapf naye alikuwa hoi kwa homa, hata kumwuguza mkewe hakuweza. Kichanga nacho kikafa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi hilo liko Nyali mpaka leo.

Nani kati yetu asingefunga mizigo? Krapf alilia, kisha akarudi kwenye kazi iliyokuwa mkononi. Alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1850. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Ndoto yake ya kuwafikia Waoromo haikutimia kama alivyoiota. Lugha aliyojifunza akiwa njiani ndiyo iliyogeuka kuwa kazi yake kubwa.

Mwenzake, Johannes Rebmann, alimfuata mwaka 1846, wakaanzisha kituo Rabai. Rebmann alikaa huko mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa karibu kipofu, na walioamini katika miaka yote hiyo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka uliofuata akafariki kwao Ujerumani. Makanisa yanayojaa Jumapili kutoka Mombasa hadi bara, hakuna kati ya hao wawili aliyeyaona.

Msinielewe vibaya. Sisemi Mungu alimwua Rosine ili sisi tupate kamusi. Hesabu hiyo hatukupewa kuipiga. Rafiki zake Ayubu walijua kueleza kwa nini mwenzao anateseka, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao. Ayubu, aliyelia na kuuliza, ndiye aliyesifiwa kwamba amenena yaliyo sawa. Kwa hiyo mkienda msibani, msimwambie mfiwa kwamba Mungu alimpenda marehemu kuliko sisi. Kaa naye mkekani. Nyamaza. Ukiona mtungi umekauka, nenda ukateke maji. Na msiba ukiwa wako, lia. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Kuomba hivyo hakukuwa kukosa imani.

Jihadharini pia na wanaouza majibu. Anayetaka utume pesa kwa simu kwanza ndipo akupe neno la kinabii, huyo anaitafuta pesa yako. Anayekuambia utupe vidonge vya presha ili kuonyesha imani, mkimbie. Hekima ya Mungu haipingani na daktari, wala haikukatazi kuomba ushauri kwa wazazi na wazee wa kanisa.

Kumtumaini Mungu kunaonekana katika kazi ndogo uliyonayo sasa. Umesomea uhasibu na leo unauza dukani kwa mjomba? Andika daftari la mauzo na madeni kwa uaminifu, hata shilingi hamsini isipotee. Unangoja mwenzi wa maisha? Jifunze sasa kusema kweli, kuomba radhi na kutunza pesa, maana pete haimfundishi mtu hayo. Mnamwuguza mzazi ambaye haponi? Mgeuzeni kitandani, mwogesheni, msomeeni zaburi. Hayo si mambo ya kupitishia muda huku mkingoja mapenzi ya Mungu. Ndiyo mapenzi yake kwenu leo.

Basi wiki hii kila mmoja achague jukumu moja alilolizembea kwa sababu alikuwa akingoja kubwa zaidi, alifanye vizuri mpaka mwisho, huku akiomba. Jibu likija kinyume na ulivyoomba, mwambie Mungu uchungu wako waziwazi, na kesho yake uamke ukamtumikie. Anajua anachokifanya, na anakupenda. Bwana awabariki.