Mgonjwa Haulizwi Uji. Je, Asiulizwe Safari?

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Neno hilo ni jema, nalo limetoka katika moyo wa huruma. Aliye kitandani huenda akakataa kwa haya, au kwa kutotaka kuwasumbua wenzake. Basi anayempenda hamngojei aombe, bali humpikia na kumletea. Nyumba zetu nyingi zimelelewa katika desturi hiyo, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini yako mambo ambayo si uji. Tuchukue mfano ambao jamaa nyingi za Kikristo zitautambua. Mama wa makamo amepooza miguu kwa maradhi ya uti wa mgongo, na mwaka wa kumi sasa yumo katika kiti cha magurudumu. Tena ana kisukari, na kila siku hudungwa sindano ya insulini. Parokia yatangaza hija ya Lourdes, huko Ufaransa. Mama ameweka akiba yake polepole, naye atamani kwenda. Watoto wake, ambao wampenda kweli, wakutana usiku sebuleni pasipo yeye, na asubuhi wampa habari: "Mama, tumeona usiende." Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyemnyima chakula. Hata hivyo mama huyo ameondolewa kitu, naye akaa kimya mchana kutwa. Je, ameondolewa kitu gani? Na watoto hao, wametenda wema au wamekosa?

Swali hili latupasa kulifikiri vizuri, kwa maana wanaozuia safari za namna hii huwa na sababu tatu, wala hakuna hata moja iliyo ya kipuuzi. Wasema: safari ni ya hatari, safari ni ya gharama, na safari ya mtu mmoja itakuwa mzigo wa wengi.

Tuanze na hatari. Ni kweli kwamba ndege si kitanda cha nyumbani. Hewa iliyomo ndani yake wakati wa kuruka ni nyepesi, karibu sawa na hewa ya mlima wenye kimo cha mita 2,000 au zaidi kidogo; mwenye moyo dhaifu au mapafu mabovu huweza kutaabika. Tena hewa hiyo ni kavu. Kukaa saa nane au kumi bila kujinyosha huweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu, na kwa mtu asiyesikia maumivu ya chini, ngozi huchubuka na kufanya vidonda kabla hajatambua. Kiti chake huchukuliwa na kuwekwa chini pamoja na mizigo, na yeye huingizwa kwa kiti kingine chembamba kipitacho katikati ya viti. Kiti chake kikivunjika huko chini, ni kama amevunjwa miguu mara ya pili.

Hayo yote ni kweli, wala hatuyafichi. Lakini hatari ni jambo la kupimwa, si la kuogopwa tu. Kupima ni kazi ya daktari anayemjua mgonjwa, wala si kazi ya wasiwasi wetu. Yeye ndiye atakayesema kama moyo utastahimili, ni dawa gani zichukuliwe, na barua gani iandikwe kwa shirika la ndege. Dawa zisitiwe katika mzigo mkubwa, bali zikae mkononi, na akiba yake ikae katika mfuko wa mwenzake wa safari. Mto wake wa kukalia aende nao ndani ya ndege. Kiti chenye betri kitajwe mapema pamoja na aina ya betri hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 yakataza kumkatalia abiria nafasi kwa sababu ya ulemavu wake tu, isipokuwa kwa usalama ulioamriwa na sheria au kwa udogo wa ndege na milango yake. Na msaada katika viwanja vya ndege vya huko watolewa bila malipo, mradi habari ipelekwe saa 48 kabla. Na anayeomba viza ya muda mfupi kwa Ufaransa hudaiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Basi ugonjwa wake autaje wazi, kwa maana bima nyingi hazilipi maradhi yaliyofichwa.

Hiyo ndiyo busara. Wengi wetu twadhani busara ni neno jingine la woga, na kazi yake ni kusema "usiende." Sivyo. Kanisa lafundisha kwamba busara ni fadhila ya kuchagua njia iliyo sawa ya kulifikia jema. Mara husema nenda, mara husema ngoja, na mara husema baki.

Mambo hayo matatu tuliyaona kwa macho yetu katika maisha ya marehemu Papa Fransisko. Mwezi wa Mei 2022 alianza kuonekana hadharani katika kiti cha magurudumu kwa ajili ya goti lake. Umri wake ulikuwa miaka 85, na tangu ujana wake alikuwa amekatwa sehemu ya pafu moja. Ilikuwa imepangwa aje Kongo na Sudani Kusini mwanzoni mwa Julai mwaka ule. Madaktari walitaka kwanza goti litibiwe, naye akaahirisha. Lakini tarehe 31 Januari 2023 alishuka Kinshasa, na kesho yake aliadhimisha Misa Takatifu katika kiwanja cha Ndolo mbele ya watu waliokadiriwa kupita milioni moja. Siku ile ile alikutana na watu walioteswa na vita katika mikoa ya mashariki. Hakuweza kwenda Goma kwao kwa sababu za usalama. Basi wao walikuja kwake. Kisha akaenda Juba. Mwaka 2019, huko Vatikano, alikuwa amepiga magoti na kuibusu miguu ya viongozi wa Sudani Kusini, akiwasihi walinde amani. Safari hii magoti yalikataa, lakini alikuja. Tena mwishoni mwa mwaka ule ule 2023, alipotazamiwa kwenda Dubai, mapafu yake yaliugua, naye akakubali shauri la madaktari na kubaki nyumbani.

Msomaji atasema: "Yeye alikuwa Papa, alikuwa na madaktari, na ndege, na watu wa kumwinua." Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini tofauti ni ya vyombo, si ya haki. Mama yule hana daktari wa kufuatana naye, basi labda safari yake haitawezekana. Lakini hilo lilipaswa kupimwa naye akiwapo, akisikia maneno ya daktari kwa masikio yake mwenyewe. Kama jibu ni "hapana," na liwe hapana aliyoisikia na kuielewa, si hapana iliyopikwa usiku na kuletwa asubuhi kama uji.

Sababu ya pili ni gharama. Hapa twasema waziwazi: kama nauli ya hija itakula ada ya shule ya watoto, au dawa za mwaka mzima, mtu asiende. Mungu hapendezwi na hija iliyolipiwa kwa njaa ya nyumbani, na Bikira Maria husikia sala za vijijini kwetu sawasawa na zile za Ufaransa. Lakini kipimo hicho kiwe kimoja kwa wote. Mwana aliye mzima anapokwenda ng'ambo kutembea, twamchangia na kumfanyia karamu ya kumwaga. Mama aliye katika kiti anapotaka kutumia akiba yake mwenyewe, twamwuliza: "Fedha zote hizo, za nini?" Kana kwamba kuona nchi, kusali pamoja na mataifa mengine, na kurudi na la kusimulia, ni mambo ya wenye miguu tu. Hiyo si busara tena. Ni upungufu wa haki.

Sababu ya tatu ndiyo iumizayo zaidi, nayo mara nyingi husemwa na mgonjwa mwenyewe: "Nitakuwa mzigo." Hapo wahenga wanatujibu vingine, kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tukumbuke yule mwenye kupooza wa Kapernaumu. Watu wanne walimchukua, na mlango ulipozibwa na umati walipanda wakatoboa dari, wakamteremsha mbele ya Bwana. Mtakatifu Marko aandika kwamba Yesu aliiona imani yao. Hakuwalaumu kwa kuharibu nyumba ya watu, wala hakumlaumu mgonjwa kwa kuwachosha rafiki zake. Tena tumkumbuke yule wa kando ya birika la Bethzatha, aliyeugua miaka 38, na ambaye hakuwa na mtu wa kumtia majini. Kati ya hao wawili, msiba wa nani ulikuwa mkubwa zaidi? Twaona ni wa yule asiye na mtu.

Huko Lourdes, ambako Bikira Maria alimtokea Bernadette Soubirous mara 18 mwaka 1858, jambo hilo huonekana wazi. Wagonjwa hupewa nafasi za mbele, na wazima hukaa nyuma yao. Watu wa kujitolea huja kwa gharama zao wenyewe ili kuvuta vigari na kusukuma viti. Basilika la Mtakatifu Pius wa Kumi, lililobarikiwa mwaka 1958, limejengwa chini ya ardhi, na njia zake za kuingilia ni miteremko. Wengi huenda wakitumaini kuponywa mwili, nasi hatuwacheki, lakini wasidanganywe. Hadi mwaka 2018, maponyo yaliyotangazwa na Kanisa kuwa miujiza yalikuwa 70 tu katika miaka 160. Karibu wote hurudi na viti vyao. Wanachorudi nacho zaidi ni kule kukaa siku chache mahali ambapo hawakuwa watu wa kuombewa radhi.

Hata hivyo anayechukuliwa naye ana wajibu. Amwambie daktari ukweli wote, asifiche homa wala kidonda kwa kuogopa kuzuiwa. Asiwatumikishe wenzake kama watwana. Na neno la busara likiwa "baki," alipokee kwa moyo mkunjufu. Naye anayemchukua asisahau kwamba kiti kile ni miguu ya mtu. Asikishike wala kukisukuma kabla ya kuuliza. Ofisa wa kiwanja cha ndege akiuliza, "Mama huyu anakwenda wapi?" mwenzake anyamaze, amwache mama ajibu. Bwana wetu alipomwambia Petro kwamba atakapokuwa mzee mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka, alikuwa akimtabiria mateso. Basi tusiwatwike wazee wetu mateso hayo kwa jina la upendo, wala kwa kuwapeleka wasikotaka, wala kwa kuwazuia watakako bila kuwasikiliza.

Na ambao kwa kweli hawawezi kusafiri? Hao wamtazame Bernadette mwenyewe. Aliiacha Lourdes mwaka 1866 akaenda utawani huko Nevers, wala hakurudi tena. Alikuwa na pumu tangu utoto, na afya yake ilizidi kupungua. Mwaka 1876, basilika la juu ya pango lilipowekwa wakfu, yeye hakuwapo. Alifariki mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 35, ameketi katika kiti. Maelfu waliifuata chemchemi aliyoifukua kwa mikono yake, na yeye alibaki mbali nayo. Anayebaki nyumbani kwa ajili ya ugonjwa hayuko nje ya hija. Mwenye hija wa kwanza alibaki pia.

Sasa twarudi kwa mama yetu na watoto wake. Twaona watoto hawakukosa kwa kuogopa, maana woga wao ulitoka katika mapendo. Walikosa kwa kukutana pasipo yeye. Na waketi tena, mara hii pamoja naye. Waandike maswali ya daktari, wahesabu fedha, watafute mwenzi wa safari. Labda ataenda, labda hataenda. Vyovyote iwavyo, atakuwa ameulizwa.

Nasi tusio wa jamaa ile tusijitoe upesi. Kabla hatujauliza kama mama atafika Ufaransa, tuulize kama afika kanisani kwake. Makanisa yetu mengi yana ngazi mlangoni, tatu au tano, na hakuna mteremko. Kila Jumapili mtu wa kiti hungojea nje juani hadi wapatikane vijana wa kumbeba. Na siku wasipopatikana, husikiliza Misa kupitia dirishani. Saruji mifuko michache na siku moja ya kazi ya wanaparokia yatosha kuondoa aibu hiyo. Hapo hatutakuwa na udhuru wa hatari, wala wa gharama, wala wa mzigo.