Sauti Iliyokatwa Vipande na Swali la Zeno

Zeno wa Elea, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alidai kwamba mshale ulioko hewani, ukitazamwa katika kila nukta ya wakati, umetulia, na kwa hiyo haujongei kamwe. Aristotle alimjibu kuwa wakati haukujengwa kwa nukta, ilhali wanatheolojia wa Kiislamu wa mkondo wa Ashari walifundisha kuwa wakati ni nyakati ndogo zisizogawanyika, na kwamba Mwenyezi Mungu huziumba upya sifa za vitu katika kila mojawapo.

Mjadala huo umepata uwanja mpya katika kurekodi sauti kidijitali. Kinasa sauti hakihifadhi wimbi lenyewe, bali hulipima mara nyingi mno kwa sekunde: kila kipimo huitwa sampuli, na idadi ya sampuli kwa sekunde, ambayo katika CD ni 44,100, ndiyo kiwango cha sampuli. Wengi huhofu kwamba kilichopita baina ya sampuli mbili kimepotea, lakini hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa Claude Shannon, akiendeleza kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928, alithibitisha mwaka 1949 kwamba wimbi ambalo masafa yake yote ni chini ya nusu ya kiwango cha sampuli laweza kurejeshwa zima, pamoja na yaliyomo kati ya nukta zake. Na sikio la binadamu halivuki hezi 20,000 hivi, yaani chini ya nusu ya kiwango cha CD.

Upungufu wa kwanza wa kweli umo katika kina cha biti, yaani idadi ya tarakimu za 0 na 1 zinazoandika ukubwa wa kila sampuli. Biti 16 hutoa ngazi 65,536, na kipimo kinachoangukia kati ya ngazi mbili husogezwa kwenye iliyo karibu, jambo linalozaa mvumo hafifu.

Uzito wa suala, hata hivyo, uko katika kasi ya biti, yaani wingi wa biti zinazotumika kila sekunde. CD hutumia kilobiti 1,411. MP3, yaani faili la sauti iliyobanwa, ya kilobiti 128 hubakiza takribani sehemu moja kati ya kumi na moja, kwa sababu programu hukadiria ni sauti zipi zitafunikwa na zilizo kubwa zaidi, ikazitupa. Katika kisomo cha Kurani, vinavyoweza kuathirika ni wembamba wa herufi sini, pumzi ya msomaji kabla ya aya, na mwangwi unaofifia msikitini. Hapa swali la maumbile limekuwa swali la maadili, kwani mtu mmoja anaamua leo kipi hakitasikika na msikilizaji ambaye hajazaliwa.

Kwa hiyo wanaorekodi masheikh na malenga wazee wanawajibika kuhifadhi nakala ya asili bila kuibana, kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, ambayo kwa saa moja ya stereo huchukua gigabaiti moja tu hivi. Faili la MP3 likigeuzwa kuwa WAV, yaani faili lisilobanwa, huongezeka ukubwa, lakini kilichotupwa hakirudi.