Dirisha la Jiko

Mwamkulu watu hujenga kiangazi. Mpunga umeshavunwa, magunia yameuzwa, matofali yametoka kwenye tanuru, na aliyepata bei nzuri anamwita fundi. Katika kiwanja kimoja huko, nje kidogo ya mji wa Mpanda mkoani Katavi, niliwahi kusimama nikitazama kamba ikivutwa kutoka kigingi hadi kigingi. Mwenye nyumba alionyesha kwa fimbo: sebule hapa, chumba chetu pale, mbele barabarani fremu mbili za kupangisha. Mkewe alingoja amalize, kisha akauliza, "Na jiko, fundi?"

Fundi alimjibu kwa upole. "Shemeji, jiko ni la nje. Tutalipandisha kule nyuma, matofali yakibaki."

Yakibaki. Neno hilo halijanitoka.

Mama yule anakaanga vitumbua. Huanza kabla ya alfajiri, nyuma ya nyumba ya udongo wanayoishi sasa, halafu humtwika mtoto sinia alipeleke barabarani kabla ya shule. Uliza wenyeji, watakwambia wanawake wanapenda biashara za nyumbani: vitumbua, maandazi, kigenge cha nyanya. Wanaume wanapenda kazi za kutoka: kulima kwa maksai, bodaboda, kuzunguka kununua mpunga. Hata kwenye majaruba, kupandikiza na kupalilia huachiwa wanawake, eti ndio wenye mkono mwepesi. Yote haya hufungwa kwa neno moja, wanapenda, kana kwamba hapo hakuna la kuuliza tena.

Mimi naona ndipo pa kuanzia. Sungura wa hadithi aliruka, akashindwa kuzifikia ndizi, akaenda zake akisema sizitaki mbichi hizi. Tunamcheka kwa kuwa tulimwona akiruka. Je, yule sungura aliyezaliwa chini ya mgomba huohuo, ambaye mama yake hakuwahi kuruka wala bibi yake? Naye atasema hazitaki, na hatakuwa anadanganya. Mwaka 1983 mwanafalsafa wa Norway, Jon Elster, alitoa kitabu kilichoegemea hadithi ya aina hiyo, ya mbweha na zabibu. Aliuliza kama matakwa yaliyopunguzwa hadi yakatoshana na kile mkono unachofikia bado ni matakwa ya mtu mwenyewe.

Swali hilo ni zito, na linaweza kuumiza. Nikimwambia mama wa vitumbua kwamba hapendi anachosema anapenda, nimemvunjia heshima. Wapo wanawake wanaotaka kwa moyo wote kuwa karibu na watoto wao, na hakuna mwenye haki ya kuwaita waliodanganywa. Nisichokubali ni kuruka kutoka hapo hadi kusema ndivyo wanawake walivyoumbwa, wakati hatujawahi kuwajengea nyumba ya namna nyingine tukaona watachagua nini.

Maana nyumba inafundisha. Pwani, baraza liko mlangoni na ua uko nyuma. Kwa Wasukuma, ambao wengi wamehamia Katavi, moto wa shikome huwashwa jioni karibu na zizi, wazee wa kiume na vijana wakauzunguka. Kwenye baraza na kwenye shikome ndiko zinakopita habari za bei, za safari, za mtu anayetafuta kibarua. Kazi huanza kama habari. Mtu asiyekaa habari inapopita atasemaje anaitaka kazi ambayo hajaisikia? Na lugha yetu yenyewe imekwishaamua: kijana akioa tunasema amepata jiko. Tumempa mwanamke jina la chumba, kisha chumba chenyewe tukakijenga kwa matofali ya mwisho.

Sheria imejitahidi. Mwaka huohuo wa 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake, lakini msingi ule ulibaki, na nauheshimu sana. Hata hivyo mahakama hupima kazi wakati ndoa imevunjika na mali inagawanywa. Siku kamba inapovutwa kiwanjani, hakimu hayupo.

Siku ile mama hakubishana. Alikwenda akasimama mahali palipopangiwa fremu ya pili, akageukia barabara, akanyoosha mikono kupima upana wa dirisha. "Jiko likae hapa," alisema. "Dirisha litazame huku. Nikaange, mtu anunue, mtoto aende shule mapema."

Mumewe alinyamaza kitambo. Niliona anahesabu kodi ya fremu. Kisha akasema moshi utaingia sebuleni, na sikuhisi kama ni kisingizio. Alitaka kweli kujua. Fundi akachota vumbi kiganjani, akalinyanyua juu na kuliachia taratibu. Wote watatu wakatulia kutazama upepo unalipeleka wapi.