Pishi Haipimi Nguo



Barazani, baada ya sala ya Alasiri, hakukosi mabishano. Mmoja husema mcheza mpira ndiye mwanamichezo wa kweli. Wa pili humtaja mwanandondi. Wa tatu hushikilia kwamba hapana hodari kama mkimbiaji. Sauti hupanda, na mwisho mtu huinuka akimwita mwenziwe mjinga. Swali lenyewe ni dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa, nalo ni uadilifu wa kuhukumu.

Hebu tuondoke pwani kidogo, twende Ukata, Wilaya ya Mbinga. Katika milima ile ya Umatengo watu hulima ngolo: nyasi hufyekwa na kupangwa miraba miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, yakabaki mashimo ya kuzuia maji yasichukue rutuba. Kwa desturi kuchimba ni kazi ya wanawake, nao huifanya kwa jembe la mkono, penye mteremko mkali. Kisha tushuke Ziwa Nyasa, Liuli au Mbamba Bay, tumtazame mvuvi katika mtumbwi wa gogo moja, anapiga kafi na upepo umemkabili. Je, kati ya wawili hawa nani mwenye mwili hodari zaidi? Mpe mvuvi jembe, na yule mama mpe kafi. Wote watachoka kabla ya adhuhuri. Si kwa unyonge, bali kila mwili umefundishwa kazi yake.

Hata mtu mmoja hawezi kulinganishwa na nafsi yake. Filbert Bayi wetu, tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, ikawa rekodi ya dunia. Mwaka 1980, Moscow, alishiriki mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akaongoza mpaka mzunguko wa mwisho, akapitwa na Malinowski wa Poland, akapata medali ya fedha. Bayi yupi aliye bora? Saa ya mbio moja haiwezi kuijibu nyingine.

Wako waliojaribu kutengeneza mizani ya pamoja. Katika dekathloni mtu hushindana michezo kumi kwa siku mbili, akikimbia, akiruka na kutupa, na jedwali hugeuza kila tendo kuwa alama. Mwaka 1984, Los Angeles, Daley Thompson wa Uingereza alishinda, na hesabu yake iliposahihishwa ilikuwa alama 8,798, sawasawa na rekodi ya Mjerumani Hingsen. Lilipotumika jedwali jipya la 1985, alama zile zikawa 8,847, na rekodi ikawa yake peke yake. Thompson hakuongeza hata hatua moja! Waliobadili ni wenye mizani.

Mtume (s.a.w.) alishindanisha farasi Madina. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Umar kwamba waliokondeshwa kwa ajili ya mbio walipewa masafa marefu, na wasiokondeshwa wakapewa masafa yao mafupi. Hakuwachanganya. Kama farasi alifanyiwa haki hiyo, itakuwaje binadamu?

Hatusemi kwamba watu wote ni sawa. Katika mbio moja aliyetangulia katangulia, na kumnyima sifa yake ni dhulma. Tunalosema ni hili: kabla ya kuhukumu, taja kipimo chako. Ni kasi, ni pumzi, ni nguvu ya mikono, au ni ustadi? Muuza duka hapimi nguo kwa pishi, wala mchele kwa dhiraa; angefanya hivyo tungemwita mdanganyifu. Nasi majumbani twafanya nini? Mtoto asiyejua kupiga mpira twamwita goigoi, na pengine ndiye apigaye mbizi kuwashinda wenziwe wote. Mama achotaye maji na kutwanga hatumhesabu kabisa.

Na kipo kipimo kimoja ambacho sote twaweza kushindana kwacho, kijana na mzee, mzima na mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu si yule aangushaye watu katika mieleka, bali ni aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Basi turudi barazani tujiulize: katika mabishano yale ya jana, ni nani aliyeshinda?